Makasia ya Mapambo

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Naandika kwa kalamu mpya.

Mama Mkurugenzi wa Idara ya Vivuko alituita ofisini kwake, mimi na yule jamaa wa meza ya pili, ambaye mimi humwita Slaidi kwa sababu hawezi hata kumsalimu mtu bila kuwasha projekta. Mkurugenzi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusemwa. Kumbe ndivyo. Meya amelalamika. Vile vivuko vya umeme tulivyopokea mwaka jana watu hawavipandi. Ni vyeupe pee, vya mstatili, na havitoi sauti. Abiria wanasema humo ndani wanajiona kama nyama iliyowekwa kwenye friji. Wengine husubiri gatini wakiwa wameupa mto mgongo, kivuko kinakuja, kivuko kinaondoka, wao hawana habari. Basi wanarudi kusongamana kwenye daraja la zamani, asubuhi nzima, wakitukanana.

Meya amesema hivi: vivuko visanifiwe upya, vibebe turathi za mji. Mtu akikiona ajue ni chetu.

Kila mmoja wetu amepewa kivuko kimoja. Slaidi Namba Moja, mimi Namba Mbili. Alhamisi ya wiki ijayo Meya atavuka mto kwa kivuko cha Slaidi, kisha atarudi kwa changu. Atakayemfurahisha ndiye Mkuu wa Usanifu, na atapata chumba cha juu chenye dirisha linalotazama mto. Atakayeshindwa atahamia stoo ya maboya, chini ya ngazi. Stoo hiyo naijua. Aliyekaa humo kabla yetu alistaafu mapema kwa sababu ya kifua.

Nyumbani nilisema tu kwamba kuna nafasi. Basi! Mama Mkwe, ambaye anaishi nasi na hajui kunong'ona, alitoka hapo hapo akawatangazia majirani kwamba mkwe wake sasa ni Mkuu. Mke wangu naye akatoa kitambaa sandukuni, akaanza kushona pazia la dirisha la ofisi. Ananitazama utadhani ameolewa na waziri. Nitamwambiaje mwanamke huyu akatundike pazia lake stoo, mahali ambapo hakuna hata dirisha?

Sitashindwa. Slaidi atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti wa turathi umeanza. Na umekwisha.

Nilikaa uani na Mama Mkwe akichambua mchele. Amekulia kando ya mto huu, amevuka enzi za vivuko vya mbao. Nikamwomba anieleze uzuri wake. Alisema hapakuwa na uzuri, palikuwa na haraka. Vivuko vilikuwa vizito, vinavuja, vimejaa kuku, na juu vina paa la nyasi linalochuruzika mvua ikinyesha. Abiria wa kukaa tu hakuwepo. Kila aliyepanda alipewa kasia, na mzembe alimwagiwa maji kichwani. Nikamuuliza kuhusu nakshi. Akauliza za nini. Nikamweleza kirefu, kwa mikono. Akasema naonekana nina muda mwingi sana wa kuchezea.

Nimeandika: Makasia. Paa la nyasi. Kuku (kufikiria baadaye).

Mchana nikaenda kumpeleleza Slaidi. Nilibisha mlango nikijitia naazima rula. Aliruka akafunika kompyuta yake kwa bakuli la wali. Lakini macho yangu ni makali. Niliona skrini kubwa, taa za rangi chini ya viti, na maneno "Historia Inayokwenda Nawe". Nilirudi mezani kwangu mnyonge. Yale maneno ni mazuri. Kwa nini sikuyawaza mimi? Rula yake nimebaki nayo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegombana na shemeji. Ni mdogo wake mke wangu, na ndiye fundi umeme wa vivuko vyote. Idara nzima inamwogopa. Ana sauti ya kuitia watu ng'ambo, na akitaka kusisitiza jambo anakugonga bega kwa bisibisi.

Nilimwonyesha mchoro wa paa la nyasi. Akauliza kama najua kwamba juu ya kivuko kuna paneli za jua. Nikasema najua, na ni mbaya, zinameta, hazina turathi hata chembe. Akasema paneli zinakula jua, ukizifunika zinalala njaa. Nikamwambia kwa upole kwamba sanaa na umeme ni mambo mawili tofauti. Alinigonga kwa bisibisi.

Mwisho tukaafikiana. Alisema kivuko kinaweza kwenda bila paneli, mradi kila jioni kiwekwe kwenye chaji pale gatini na kisichomolewe mpaka asubuhi. Alirudia. Kisichomolewe. Nikamwambia mimi si mtoto. Akasema mtoto angeuliza maswali.

Hasira zimenipanda. Lakini paa limepita!

Ijumaa, 7 Machi

Seremala naye ni mtihani. Nilimwagiza makasia ya kutundika ubavuni mwa kivuko, kulia na kushoto, yenye nakshi, yapendeze. Akauliza ni ya kupiga au ya kuangaliwa. Nikasema ya kuangaliwa. Akakunja mikono. Akasema yeye ni seremala bora kuliko wote mtoni, baba yake alikuwa bora kabla yake, na kasia lisilopigika hajawahi kutengeneza wala hatalitengeneza leo kwa ajili yangu. Nikamwambia kwamba mteja ni mimi. Akasema mlango uko wazi.

Basi ametengeneza makasia ya kweli. Mazito! Moja liliniangukia kwenye kidole cha mguu na bado nachechemea. Tena akakataa kuyapigilia misumari kwenye kivuko, eti ni dhambi kutoboa mbao nzuri namna ile. Ameyatundika kwenye kulabu tu, mtu yeyote anaweza kuyachukua. Kazi ya hovyo. Nimemkaripia, naye amenicheka.

Ila nakiri, yakiwa yamejipanga vile ubavuni, moyo wangu ulijaa. Nilisimama gatini nikayatazama mpaka mpiga firimbi wa zamu akaniuliza kama nimefiwa.

Jumapili, 9 Machi

Mbuzi!

Nashindwa hata kuandika. Mbuzi!

Jana tulimaliza paa. Nyasi nzuri, kavu, zimefumwa, zimekatwa pembeni kwa usawa. Niliondoka nikitembea kama mwenye mji. Leo asubuhi nimemleta mke wangu aone. Tukakuta mbuzi wa mlinzi wa gati wako juu ya kivuko changu, wametulia, wanakula turathi za mji. Nusu yote ya mbele haipo. Paneli za pale ziko wazi zinameta, na katikati yake amelala beberu, anacheua.

Nilimvaa mlinzi. Akasema mbuzi wake hawana kosa, mwenye kosa ni aliyeweka chakula juu ya paa. Nyasi nyingine sasa hazipatikani, aliyetuuzia amekwisha kuzimaliza. Na nani huyo alikuwa ng'ambo ya gati anapiga picha kwa simu huku anajishika mbavu? Slaidi! Jumapili! Mtu huyo hana nyumba?

Nilikaa kwenye ngazi za gati. Machozi yalinilenga, sisemi uongo. Niliiona stoo ya maboya, nikausikia na ule ukungu wake puani. Mke wangu akakaa kando yangu. Alisema kwamba paa likiachwa hivyo, nyuma nyasi na mbele wazi, litaonekana limekusudiwa. Alisema nijitie najua. Nikamwambia kujitia najua ndiyo kazi yangu. Akacheka, na mimi nikacheka, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Kwenye maelezo nimeandika: "Paa wazi la mbele, kwa mtindo wa kale."

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya ujanja kidogo. Si mbaya sana.

Nilipita kwa Mkurugenzi kana kwamba nimepotea njia, nikamdokeza kwamba taa za rangi za Slaidi zitavuta wadudu. Nilitia chumvi. Nilitaja nyigu. Mkurugenzi akanisikiliza, kisha akasema yeye amezipenda taa, na kwa kuwa nimefika, nimweleze kwa nini kivuko changu kinanuka zizi.

Slaidi ameshafika kabla yangu! Mfitini mkubwa! Halafu mtu anakaa na wewe meza jirani, anakuuliza hali ya watoto.

Nimekwenda kunusa. Ni kweli, kinanuka zizi. Yule beberu aliacha kumbukumbu. Kesho napaka vanishi kila mahali, viti, kuta, sakafu. Vanishi huua harufu zote.

Mama Mkwe amekuja kuona makasia. Alilishika moja, akalipima uzito, akapiga hewa mara chache, mgongo umemnyooka ghafla. Nikamwonya asiguse, ni ya mapambo. Akalirudisha. Akasema ni mara ya kwanza mimi kuleta kitu cha maana karibu na mto, na nimekitundika ukutani.

Nimemwalika Alhamisi, awe Mwakilishi wa Turathi. Heshima kubwa. Akauliza kama kutakuwa na chai.

Jumatano, 12 Machi

Vanishi haikauki!

Nilipaka asubuhi. Mchana bado inanata. Nilijaribu kiti kimoja, suruali ikabaki pale, nusu yake. Meya huvaa nyeupe daima. Nikamfikiria Meya mbele ya watu wote, anasimama, kiti kinamfuata.

Akili ikafanya kazi. Feni! Nilipita ofisi zote nikakusanya feni, hata ya Mkurugenzi, aliyekuwa kwenye kikao. Nikazipanga ndani ya kivuko. Tatizo ni umeme. Pale gatini soketi yenye nguvu ni moja tu kwa kila kivuko, nayo ya Namba Mbili ilikuwa imekaliwa na plagi nene ya chaji. Shemeji alikuwa ng'ambo anamfungia Slaidi spika zake.

Nikaichomoa. Kwa muda tu! Vanishi ikikauka nairudisha.

Feni zikavuma zote pamoja. Raha iliyoje! Mara mke wangu akapiga simu, nirudi haraka nijaribu koti la kesho, kwapani limebana. Nikaenda. Koti likachukua muda. Mama Mkwe naye alitaka ushauri wa kilemba. Tukala. Nikapiga pasi hotuba yangu, maana ilikuwa imekunjika.

Natulia sasa. Mlinzi ameniambia kwa simu kwamba feni bado zinavuma na vanishi imekauka, inang'aa, mtu anaweza kujitazama. Kazi imekamilika. Nahisi kama kuna jambo dogo nimelisahau, lakini litanijia.

Alhamisi, 13 Machi

Kalamu inaniponyoka. Si kwa woga. Ni kwa malengelenge. Lakini nitaanza mwanzo.

Asubuhi nilifika mapema, nikatoa feni haraka kabla hajaonekana mtu. Plagi nene ilikuwa chini, sakafuni. Nikaitazama. Ikanijia! Nikaichomeka upesi. Nikajipa moyo kwamba betri ni kubwa, mto si bahari, na umeme huingia kwa kasi.

Meya akafika na msafara wake. Akapanda cha Slaidi. Sisi tukawavusha watu wetu kwa daraja mpaka ng'ambo, isipokuwa nahodha wangu, aliyekileta Namba Mbili taratibu nyuma yao. Kivuko cha Slaidi kilikwenda vizuri. Lazima niwe mkweli, vizuri mno. Taa zilipepesa, skrini ikaeleza historia ya mji tangu zama za mawe, kwa sauti ya mtu aliyekula ugoro. Meya alishuka ng'ambo anapangusa macho. Akasema "kizuri", kwa sauti ile unayotumia ukionyeshwa mchoro wa mtoto wa mwenzio. Slaidi aliinama mpaka miwani ikamdondoka.

Zamu yangu. Meya akapanda, Mkurugenzi akapanda, Mama Mkwe na kilemba chake, shemeji na bisibisi yake, mke wangu na mfuko. Ndani ya mfuko lilikuwamo pazia, limepigwa pasi. Alikuwa na hakika kiasi hicho.

Nikafungua hotuba. Tukaondoka. Meya akapapasa kiti, akasifu vanishi. Akayatazama makasia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaona dirisha, nikaona mto chini yangu, nikaona jina langu mlangoni.

Katikati ya mto kivuko kikapunguza mwendo. Kikapumua. Kikasimama.

Nahodha akabonyeza. Akabonyeza tena. Akageuka akanitazama. Mkondo ukatushika, tukaanza kwenda upande, polepole, kuelekea daraja la zamani, ambako mji mzima ulikuwa umesongamana kama kawaida. Watu waliegemea ukingo wakatutazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama tunahitaji kusukumwa.

Shemeji akanisogelea. Akaniuliza taratibu kabisa, na kwake utaratibu ni dalili mbaya, kama jana niliigusa plagi. Nikamwambia sasa si wakati wa kulaumiana. Akafumba macho.

Na nyuma yetu, ni nani anakuja na Namba Moja, amesimama mbele na kamba mkononi ya kutuvuta? Mbwa wee! Alikuwa anatabasamu. Nikamtazama mke wangu. Ameukumbatia ule mfuko kifuani. Hapo ndipo aibu iliponiingia mpaka kwenye mifupa. Nilitamani mto unimeze na hotuba yangu yote.

Mama Mkwe akainuka. Akajifunga kanga kiunoni. Akaenda ukutani, akatungua kasia, akaja nalo mbele ya Meya. Wasaidizi wake wakasogea kumzuia, akawatazama mara moja tu, wakarudi nyuma.

"Baba, shika," alimwambia. "Humu ndani hakuna mgeni."

Meya akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akavua koti lake jeupe, akashika.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Makasia yakashuka yote. Mkurugenzi na wasaidizi wote walikaa upande mmoja, tukazunguka mahali pale pale kama pia ya watoto, Mama Mkwe akawagawa kwa kuwavuta masikio. Kisha akaanza kuhesabisha, sauti ya chini, ndefu, watu wanaitikia kila kasia linapogusa maji. Mke wangu aliweka pazia chini, akapiga kasia kwa nguvu ambazo katika ndoa yetu sikuwahi kuziona. Shemeji aliachia bisibisi. Meya jasho lilimtoka, akaanza kuitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, anacheka, meno yote nje. Darajani watu wakapokea. Daraja zima! Wanaitikia, wanapiga vyuma vya ukingo kwa viganja.

Mimi nilikuwa bado nimesimama nikimweleza nahodha kwamba hili lilitarajiwa. Mama Mkwe akachota maji kwa kopo akanimwagia kichwani. Nikachukua kasia.

Tukafika gatini mbele ya Slaidi. Kamba yake ilikuwa bado mkononi, haina wa kumvuta. Honi yetu ililia yenyewe kwa furaha, kumbe shemeji aliibonyeza. Baadaye aliniambia haikutakiwa hata kulia, betri ilikuwa tupu. Umeme ule mdogo ulitoka kwenye paneli za mbele, zile ambazo mbuzi walizifunua.

Meya akashuka anatweta, anatazama viganja vyake. Alisema amevuka mto huu tangu alipobebwa mgongoni, na leo ndiyo mara ya kwanza ameuhisi. Kisha akageuka.

"Hili la kuzima umeme katikati ya mto," alisema, "nani alilibuni?"

Shemeji alinitazama. Slaidi alikuwa amefungua mdomo. Maji bado yalinitiririka shingoni.

"Ni mimi, Mheshimiwa," nilisema.

Na huo ni ukweli mtupu.

Ijumaa, 14 Machi

MKUU WA USANIFU! Nimeliandika kwa herufi kubwa ili nilisome tena. Mkuu wa Usanifu!

Asubuhi foleni ilianzia gatini ikapita mbele ya kituo cha polisi. Wote ni watu wa darajani. Wote wanataka kile "kinachozima". Namba Moja kilikuwa kando, kitupu, kinajisimulia historia chenyewe. Nimeagiza shemeji afunge swichi maalumu, kivuko kikifika katikati nahodha anazima kwa makusudi, watu wanatungua makasia, wakichoka anawasha. Meya amewaalika mameya wa miji mingine waje waone Jumatatu alasiri. Amesema hii ndiyo turathi, si picha ukutani.

Mama Mkwe ameajiriwa kama Mwitishaji wa Makasia. Amepewa firimbi. Kwa cheo, sasa yuko chini yangu. Nilimweleza hivyo kwa heshima. Akaipuliza firimbi sikioni mwangu.

Shemeji anajua kila kitu. Bei yake ya kunyamaza ni kwamba nisiguse kitu chochote chenye waya maisha yangu yote. Nikakubali bila kusita. Hata hivyo Mkuu hashiki nyaya.

Mke wangu ametundika pazia. Limezidi urefu, linafika sakafuni na kusonga mbele kidogo, lakini ni zuri. Alisimama dirishani akatazama mto, akanishika mkono wenye malengelenge. Akasema alijua tu. Nampenda mwanamke huyu.

Jioni nilimtembelea Slaidi stoo. Ukarimu haugharimu. Alikuwa amekaa kati ya maboya, anapiga chafya. Akaniuliza kwa unyonge kama ile kamba yake ya kuvutia anaweza kukaa nayo. Nikamwambia akae nayo, haina kazi tena. Rula sikuirudisha.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya utulivu na mafanikio.

Nilichowaza mwisho wa wiki: yale makasia ni mazuri mno kuchafuliwa matope. Nakshi zinaanza kukwaruzika. Kila fundi wa mtaani anayashika! Basi leo mchana nimeyatoa yote kwenye kulabu, nikayapanga ukutani humu ofisini, na nikayapigilia misumari sawasawa. Seremala asisikie. Chumba kimependeza, kimekuwa ofisi ya mtu.

Kasoro ni joto tu. Pazia refu, dirisha halipitishi upepo, na feni ya ofisi haina nguvu. Nimeomba feni kubwa ya karakana. Soketi za humu hazikuiweza, umeme wa jengo zima ukazimika, Mkurugenzi alipiga kelele. Lakini mimi si mtu wa kukwama. Nilivuta waya mrefu kupitia dirishani hadi gatini, kwenye ile soketi yenye nguvu. Palikuwa na plagi nene. Najua ni ya nini! Mimi si mpumbavu. Nimeichomoa kwa muda tu, mpaka jasho likauke.

Baridi tamu. Nimepitiwa na usingizi kidogo kitini. Nimeota nimechongewa sanamu.

Nimeamshwa na firimbi. Kumbe mameya wameshaondoka. Kivuko kiko katikati ya mto, kimejaa suti, kimesimama mapema kidogo kuliko swichi yetu, kinaelea kwa madaha kuelekea darajani. Shemeji yuko gatini amejishika kichwa. Slaidi ametoka stoo anakimbia na kamba yake, maskini, wivu bado haujamwisha. Kivukoni wote wamesimama wananipungia mikono, Mama Mkwe mbele yao, kwa mikono yote miwili.

Nimelisogeza pazia, nikawapungia na mimi.